Mbu Aliyepigwa Picha na Nyumba Tunazojenga Mara

Mhadhara kwa wananchi, walimu na mafundi ujenzi, Musoma



Nimeombwa nizungumzie teknolojia mpya za upigaji picha, za kufuatilia mwendo, na za vifaa vya ujenzi visivyoharibu mazingira. Kila jambo kati ya hayo lina wataalamu wake, na angeweza kuitwa mtu wa kila moja kwa jioni yake. Mimi nitayasema pamoja, kwa sababu katika mkoa wetu yanakutana mahali pamoja: pale ukuta wa nyumba unapokoma na paa linapoanza. Mafundi wanaujua mwanya ule. Huachwa makusudi, upepo upite na moshi upate pa kutokea. Usiku, wakati watoto wamelala, mwanya huohuo una mgeni mwingine.

Tangu daktari Ronald Ross alipomwona mdudu wa malaria ndani ya mbu, mwaka 1897, watafiti wamemhesabu mbu kwa kila namna. Wametega taa, wamejenga vibanda vya majaribio, wameokota waliokufa sakafuni alfajiri. Wapo hata vijana waliolipwa kukaa usiku kucha na miguu wazi wakiwakamata wanaotua. Kazi hiyo yote ilituambia mbu ni wangapi na ni wa aina gani. Haikutuambia anapitia wapi, anazunguka mara ngapi, anagusa nini kwanza na anaondoka lini. Mbu ni mdogo na kazi yake ni ya gizani. Ukiwasha taa umtazame, umeshamharibia safari.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa mwanga ambao mbu hauoni. Katika Chuo cha Tiba ya Magonjwa ya Tropiki cha Liverpool, Uingereza, watafiti walimlaza mtu ndani ya chandarua katika chumba, wakaweka upande mmoja taa za infraredi, na mbele ya kila taa lenzi kubwa bapa yenye upana unaozidi mita moja, ili mwanga utoke sawasawa kama ukuta. Upande wa pili zilikaa kamera. Mbu akipita katikati, kamera haimwoni yeye, inaona kivuli chake, nukta nyeusi kwenye uwanja mweupe. Kwa kupiga picha 50 kila sekunde, programu ya kompyuta huunganisha nukta ya picha hii na nukta ya picha ifuatayo, hadi unapata mstari mmoja unaoonyesha njia yote ya mbu mmoja tangu alipoingia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, nami nawaomba walimu wa sayansi wayafundishe darasani, kwa kuwa yanamhusu kila mtoto wa Kanda ya Ziwa. Mbu hawakuzunguka chandarua kizima kwa usawa. Sehemu kubwa kabisa ya shughuli yao ilikuwa juu, kwenye paa la chandarua, usawa wa kichwa na kifua cha aliyelala. Pumzi yetu na joto letu hupanda, nao hushuka wakifuata kinachopanda. Chandarua kilipokuwa na dawa, mbu alikigusa kwa muda mfupi sana, hata dakika moja haikutimia katika zile dakika kumi za mwanzo, na baada ya nusu saa shughuli karibu yote ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata zilichapishwa habari za mfumo huohuo ulioletwa kwetu, ukafanyiwa kazi na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza. Safari hii mbu walikuwa wa porini, wa huku ziwani, wakimfuata mtu aliyelala. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kufuatilia mwendo kwa kamera, tusidhani ni habari ya viwanja vya mpira vya Ulaya na studio za filamu. Majirani zetu wa Mwanza wameshaifanya kazi hiyo, na mnyama waliyemfuatilia ndiye anayetuuma sisi.

Mama anayenisikiliza aondoke na jambo moja kutoka hapa hata akisahau mengine: tundu la chandarua lililo juu lishonwe leo. La pembeni nalo lishonwe, lakini la juu lisilale.

Turudi kwenye mwanya wa paa. Hewa tunayoitoa puani na harufu ya miili yetu hupashwa joto na kupanda, halafu hutoka nje kupitia juu ya ukuta. Mbu wa malaria aliye uani hukutana na mkondo wa harufu hiyo, huufuata mpaka kwenye ukuta, na akifika hapo hupanda. Anofelesi gambiae ana tabia hiyo kuliko ndugu zake wengi. Ukuta laini usio na mwanya ungemfanya agonge na kurudi. Nyumba zetu zinamfungulia mlango pale hasa anapoutafuta.

Mwaka 2015 mtafiti Lucy Tusting na wenzake walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakalinganisha watu wanaoishi katika nyumba za kisasa na wale wa nyumba za asili. Uwezekano wa kukutwa na malaria ulikuwa pungufu kwa asilimia 47 kwa wale wa nyumba za kisasa. Ni kiasi kikubwa. Kinakaribia faida tunayoitarajia kutoka kwa chandarua, na nyumba haihitaji kugawiwa upya kila baada ya miaka michache.

Hapo wengi husema: basi, tupige bati na saruji, tumalize. Polepole. Nchini Gambia watafiti walijenga nyumba za majaribio, wakaziba mwanya wa juu, wakahesabu mbu. Kwenye nyumba za nyasi kuziba kulisaidia sana. Kwenye nyumba za bati zilizozibwa pande zote, hewa ilikwama, joto likapanda, na mbu wakaingia kwa kupitia nafasi zilizoachwa kando ya mlango usiokaa vizuri kwenye fremu. Kilichosaidia ni kuongeza madirisha yenye wavu kwenye zile kuta za pembetatu za mwishoni mwa nyumba, chini ya paa. Hewa ikapita, nyumba ikapoa, mbu wakapungua. Jambo la joto lisidharauliwe. Mtu aliyelala chini ya bati kali la Januari, lisilo na dari, hukitupa chandarua pembeni saa tano usiku, nasi hatuna haki ya kumlaumu.

Wapo vijana hapa ambao tayari wameona kamera za kupima joto zinazochomekwa kwenye simu. Ni kifaa kizuri kwa fundi: ukiielekeza darini mchana, utaona joto linaingilia wapi. Nawaonya jambo moja tu. Bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo ya joto na hurudisha ile ya vitu vingine kama kioo kinavyofanya, kwa hiyo kamera itakudanganya. Itasoma bati ni la baridi wakati halishikiki kwa mkono. Bandika kipande cha karatasi au utepe mweusi juu ya bati, ukiache kipate joto la bati, kisha pima hapo. Bati lililopakwa rangi au lililoshika kutu husomeka bila shida hiyo.

Kwetu Tanzania majaribio ya nyumba yamefanyika Tanga na Mtwara. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, wasanifu wa Denmark pamoja na watafiti wa hapa nchini walijenga nyumba sita kuanzia mwaka 2014, zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, nyavu, na nyingine zikiwa za ghorofa, watu wakilala juu. Taarifa ya mwaka 2017 ilisema mbu ndani ya nyumba za ghorofa walipungua kwa asilimia 96, ndani ya zile za chini kwa asilimia 77, na kwenye nyumba za kawaida zilizorekebishwa tu, bila kujengwa upya, kwa asilimia 43. Kutokana na kazi hiyo zikajengwa nyumba 110 vijijini Mtwara, familia zikahamia, na watoto wao wakafuatiliwa afya. Gambia nako waliinua vibanda hewani. Kilichoinuliwa mita tatu kutoka ardhini kiliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 84. Mbu wetu huruka chini chini.

Mimi huvutiwa zaidi na ile asilimia 43 kuliko 96. Nyumba ya ghorofa vijijini Butiama bado ni ndoto ya wachache. Kurekebisha nyumba iliyopo, kuziba, kuweka wavu na kunyoosha mlango, ni kazi ya wiki moja ya fundi na msaidizi wake.

Sasa ukuta wenyewe. Katika mkoa huu tunajenga kwa njia tatu. Ipo nyumba ya fito na tope. Ipo ya matofali ya kuchoma. Ipo ya bloku za saruji, ambayo kila kijana anayepata fedha za samaki, pamba au dhahabu huianzia msingi hata kama itakaa miaka kumi bila paa. Matofali ya kuchoma yanakula miti. Tanuri letu la kijijini ni rundo la matofali mabichi lenye mdomo wa kuni, limekandikwa tope, na joto kubwa hupotea hewani na kwenye kuta zake. Tofali la nje huwa halijaiva na la katikati limeungua. Tazameni vilima kati ya Bunda na Kiabakari mjiulize miti iliyobaki hapo itachoma nyumba ngapi.

Saruji nayo ina deni lake. Ili ipatikane, mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1450 hadi yawe klinka. Makaa au gesi inayochoma hutoa hewa ya ukaa, lakini sehemu kubwa zaidi hutoka kwenye jiwe lenyewe. Chokaa inapoungua hewa hiyo huachiliwa, hata ukitumia nishati ya jua kuwasha tanuri. Ndiyo maana uzalishaji wa saruji duniani unabeba takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Wataalamu wa Uswisi wakiongozwa na Karen Scrivener, wakishirikiana na wenzao wa India na Cuba, wametengeneza saruji ambayo nusu tu ni ile klinka iliyochomwa kwa joto kali. Iliyobaki ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto la chini, nyuzi 700 hadi 850, pamoja na unga wa mawe ya chokaa ambao haukuchomwa kabisa. Hewa ya ukaa hupungua kwa kiasi kinachofikia asilimia 40. Udongo unaofaa kwa saruji hiyo, ule wenye kaolini, upo sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hiyo ni kazi ya viwanda, na viwanda vinapaswa kuulizwa.

Kazi yetu wenyewe ni tofali la udongo lililoshindiliwa. Halichomwi. Unachukua udongo, unauchekecha, unachanganya saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10, unalowanisha kidogo tu, unaweka kwenye mashine ya mkono na kuvuta mpini. Mashine ya kwanza iliyosambaa ya aina hiyo ilibuniwa Colombia miaka ya 1950, na vyuma vyake havina siri: karakana yoyote yenye mashine ya kuchomelea inaweza kuunda yake. Hapa nchini Kituo cha Utafiti wa Ujenzi kilianzishwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2001 kinaitwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA. Wakala huo umefundisha vikundi vingi matofali ya kufungamana, yale yenye meno na mashimo, yanayopangwa bila kuwekewa saruji kati ya kila mstari. Unaokoa saruji kwenye tofali, unaokoa kwenye kuunganisha, na ukuta ukinyooka hauhitaji lipu. Mwenye nyumba anakuwa amepunguza gharama mahali patatu katika ukuta mmoja.

Mbona basi baadhi ya nyumba hizo zimepasuka? Kwa sababu udongo haukupimwa. Udongo mweusi wa mbuga ulioko nyanda za ziwa upande wa Bunda huvimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi, na ukiufanya tofali utafanya vivyo hivyo ukutani. Ule mwekundu wenye changarawe unaotoka kwenye vilima vya mawe vya Butiama na viunga vya Musoma hukubali vizuri zaidi. Kipimo hakihitaji maabara. Jaza udongo nusu ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, weka mezani. Mchanga utakaa chini mapema, tope laini litakaa juu polepole, nawe utaona kwa macho uwiano wake. Cha pili ni kijisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Jaza udongo uliolowanishwa, uache ukauke, halafu pima umejikunja kiasi gani kutoka mwisho wa sanduku. Kadiri unavyojikunja ndivyo unavyohitaji kuongezewa mchanga au saruji, na ukijikunja mno, uache kabisa, tafuta mwingine. Baada ya kufyatua, tofali likae kivulini likifunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki moja angalau, na liachwe lifike siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo wa ghorofa au kenchi nzito. Anayeyaanika juani siku ya kwanza amepoteza saruji aliyonunua.

Jambo hili lina historia katika ardhi tuliyoikalia. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipoandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliingiza humo lawama kali juu ya nyumba. Alisema tumeshikwa na mazoea ya bati na saruji, ile watu waliyoiita udongo Ulaya, kiasi cha akili kupooza, tukakataa matofali ya kuchoma na vigae ambavyo tungeweza kuvifanya wenyewe, tukawa tayari kukaa kwenye nyumba mbovu tukisubiri vitu vya kununua. Aliyeandika hayo alizaliwa Butiama mwaka 1922 na amezikwa Mwitongo, mwendo mfupi kutoka hapa. Kwa upande wa matofali ya kuchoma, leo nisingemfuata: misitu aliyoiona yeye hatunayo. Kwa upande wa kusubiri, alikuwa na haki mwaka 1977 na ana haki sasa. Kijana mwenye msingi wa bloku uliomea nyasi, huku watoto wake wakilala kwenye chumba chenye mwanya wa kupitisha mkono, anasubiri nyumba ambayo malaria haitaisubiri.

Nimesema mengi juu ya mbu, na huenda baadhi yenu mlikuja mkitarajia Serengeti. Mna haki, kwa sababu ni mahali pachache Afrika palipopigwa picha na mashine kama mbuga ile tunayopakana nayo. Kuanzia mwaka 2010, mradi uliotokana na utafiti wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliweka kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Kila kamera ina kihisi cha joto na mwendo. Kiumbe akipita, inapiga. Picha zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa watafiti, na katika seti zilizokusanywa miaka ya mwanzo, karibu robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote, ni nyasi zilizotikiswa na upepo. Watu zaidi ya 28,000 kutoka duniani kote walijitolea kuzitambua kupitia intaneti. Kisha mwaka 2018 kikundi cha watafiti kilitumia majibu ya watu hao kuifundisha kompyuta, ikatambua wanyama katika picha milioni 3.2, kwa kiwango cha asilimia 96.6, sawa na cha binadamu waliojitolea. Elimu nyingi ya akili mnemba juu ya wanyama ilinolewa kwa nyumbu na pundamilia wetu.

Najivunia hilo, na pia linaniuma. Mkulima wa Kunzugu au Hunyari ambaye tembo wamemlalia shamba la mahindi anajua kwamba baadhi ya tembo hao wana kola shingoni zinazotuma mahali walipo kwa setilaiti. Teknolojia ya kumtumia askari wa wanyamapori ujumbe tembo anapovuka mstari imekuwapo tangu miaka ya 2000, na ilianza kutumika kwa jirani zetu wa Laikipia, Kenya. Picha zikienda Minnesota, zirudi Bunda zikiwa onyo la saa mbili usiku kabla tembo hajafika shambani. Nasema hivyo hivyo kuhusu mbu: njia yake iliyochorwa Liverpool na Mwanza irudi ikiwa mchoro wa fundi.

Inawezekana, kwa sababu Butiama imekwisha kutuonyesha. Shirika la Hope for Girls and Women la Bi Rhobi Samwelly lina nyumba salama za wasichana wanaokimbia ukeketaji, moja Mugumu na nyingine Kiabakari, wilaya ya Butiama. Shida iliyowakwamisha ilikuwa ya ramani. Msichana alipiga simu akataja kitongoji, nao gari na polisi wakazunguka usiku bila kukiona, kwa kuwa hakikuandikwa popote. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umekusanya maelfu ya watu wa kujitolea, wanaokaa mbele ya kompyuta wakitazama picha za setilaiti na kuchora kila barabara na kila nyumba wanayoiona, kwenye ramani ya bure iliyo wazi kwa wote. Wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vitongoji, shule na zahanati. Picha ile ile iliyopigwa kutoka angani ikawa njia ya gari kumfikia mtoto aliye hatarini.

Ramani hizo zina nyumba. Na tangu mwaka 2021 zipo hata orodha za wazi za majengo yaliyotambuliwa na kompyuta kwenye picha za setilaiti, zaidi ya milioni 500 barani Afrika, zilizoandaliwa na ofisi ya Google iliyoko Accra. Bati jipya hung'aa, nyasi huwa na rangi ya kahawia. Halmashauri inayotaka kujua ni kata ipi ya Musoma Vijijini au Bunda ina nyumba nyingi za nyasi, zilizo karibu na madimbwi na mashamba ya mpunga, inaweza kuanza na picha za bure badala ya kusubiri sensa. Hata hivyo, ikitaka picha za karibu zaidi, droni inayopita juu ya ua wa mtu inampiga picha mama anayemwogesha mtoto wake. Ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni ya lazima, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Zaidi ya sheria, mwenyekiti wa kitongoji aelezwe kwanza na wananchi wasikie kwa masikio yao kinachopigwa picha na kwa nini. Ramani iliyochorwa kwa siri haitaaminiwa hata ikiwa sahihi.

Sasa ninayo maombi. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kiko Butiama, chenye jina la mtu aliyeilalamikia saruji. Nakiomba kipime udongo wa wilaya zote za Mara, kata kwa kata, kichapishe matokeo kwa Kiswahili, na fundi akienda na debe lake la udongo apimiwe bila kulipa. Halmashauri zetu zinajenga nyumba za walimu na za waganga kila mwaka; ramani za nyumba hizo ziandike wazi kwamba mwanya kati ya ukuta na paa unazibwa, kwamba kuta za pembetatu za mwishoni zinawekewa dirisha la wavu, na kwamba mlango unakaa kwenye fremu bila kuacha nafasi ya kidole. Nyumba ya mganga wa zahanati ikijengwa hivyo, kijiji kizima kitaona na kuuliza. Vyuo vya VETA vifundishe tofali la kushindiliwa na kipimo cha sanduku kama vinavyofundisha lenta na jamvi.

Na ninyi mafundi, ambao nimewazungumzia jioni nzima. Mwenye nyumba akiwaambia mwanya uachwe upepo upite, msimbishie mkaishia hapo. Mwambieni upepo atapewa, kwa wavu, kwenye kuta za mwishoni. Mwonyesheni kwa kalamu juu ya karatasi. Vuli inaanza Oktoba, na wengi wenu mna nyumba mnazoziezeka kabla yake. Zibeni mwanya kabla bati la mwisho halijapigwa msumari.